Aliyeua kwa Kujilinda: Ushahidi u Juu ya Nani?

Mwizi ameingia nyumbani usiku, mwenye nyumba amempiga panga, naye amekufa. Asubuhi maiti yuko ukumbini, askari wako mlangoni, na mwenye nyumba asema: "Alinijia kwa kisu." Wa pekee awezaye kumkanusha hawezi tena kusema. Basi atasadikiwa kwa lipi?

Haki ya kujilinda haina shaka katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) amefunza kuwa mwenye kuuawa akitetea nafsi yake, ahali yake au mali yake, hufa shahidi. Lakini wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio wafuatwao na wengi wetu katika pwani hii, wameiwekea haki hiyo daraja. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa mshambulizi akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, haramu mjeledi. Na akizuilika kwa kukatwa kiungo, haramu kumwua. Hata awezaye kukimbia akasalimika yampasa akimbie.

Ama kuthibitisha, hapo ndipo penye uzito. Katika fikihi, mtu akikiri kuua kisha akadai kuwa alijilinda, na warithi wa maiti wakakanusha, ushahidi ni juu yake. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki mwaka 620 Hijria, amepambanua katika Al-Mughni: mashahidi wakisema walimwona marehemu akimwendea huyu na silaha iliyofutwa, hapana kisasi; wakisema tu kuwa walimwona akiingia nyumbani, silaha wasiitaje, hawakumfaa kitu. Sharti kali hili! Lakini bila ya hilo, kila mwenye chuki angemkaribisha adui wake nyumbani, akamwua, kisha akamwita mwizi.

Mahakama za serikali, Kenya na Tanzania, zashika njia nyingine, zikifuata kanuni ya kesi ya Woolmington iliyohukumiwa Uingereza mwaka 1935. Kesi ile yenyewe haikuwa ya kujilinda. Kijana alidai bunduki ilifyatuka bila ya yeye kutaka ikamwua mkewe. Lakini kanuni yake imeenea: hoja ya kujilinda ikishatokea katika ushahidi, si juu ya mshitakiwa kuithibitisha, bali ni juu ya upande wa mashtaka kuibatilisha pasina shaka.

Wala vijana wasidhani kuwa ni jambo jepesi. Jaji hutazama: jeraha ni moja au kumi? Liko kifuani au kisogoni? Kisu cha marehemu kimeonekana? Mshitakiwa alikwenda mwenyewe polisi, au alitoroka? Na maneno yake ya siku ya kwanza yalingana na ya kizimbani? Aliyejilinda akapita kiasi aweza kutiwa hatiani kwa kuua bila ya kukusudia. Na wale waukimbiliao ukelele wa "Mwizi!" wakamzunguka mtu aliyekwisha kuanguka, kila mmoja na jiwe lake, hao hoja ya kujilinda hawanayo kabisa; mbele ya sheria ni wauaji, wote pamoja.