Spika Tegemezi na Spika Zinazojitegemea

Katika kata ya Ilembo, mjini Mpanda, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, chombo cha muziki kilichozoeleka sebuleni ni sabufa: kasha kubwa la mbao na spika mbili ndogo pembeni. Hudhaniwa kwamba makasha hayo yote ni ya namna moja. La hasha. Kasha kubwa lina kikuza sauti ndani yake na huchomekwa kwenye umeme. Yale madogo yana koili, sumaku na koni tu, nayo hungoja kulishwa.

Simu au redio hutoa ishara dhaifu ya umeme isiyoweza kuisukuma koni ipasavyo. Kikuza sauti huchota nguvu katika umeme wa nyumba au betri, kikaufanya mkondo mkubwa ufuate mwendo wa ishara hiyo. Kikiwa nje ya kasha, spika ni tegemezi. Kikiwa ndani, inajitegemea. Wala hili si geni: Radiola 104, iliyouzwa Marekani mwaka 1926, ilikuwa na kikuza sauti chake ndani.

Tofauti kubwa imo katika waya. Waya wa shaba wa milimita ya mraba 0.5 ukivutwa mita 20 hadi uani, mkondo husafiri mita 40 kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni karibu omu 1.4. Kwa spika tegemezi ya omu 8, asilimia 15 hivi ya nguvu huishia kuupasha waya joto. Kwa spika ya omu 4, ni zaidi ya robo. Spika inayojitegemea hupokea ishara yenye mkondo mdogo mno, hivyo upotevu huo karibu haupo. Lakini nayo hudai waya wa umeme ufike kila kasha, na hapo ndipo faida huliwa.

Mwenye umeme wa jua ana hesabu nyingine. Kikuza sauti hula umeme hata muziki unaponyamaza. Kikila wati 5 tu usiku na mchana, ni wati-saa 120, yaani sehemu moja ya tano ya betri ya volti 12 na ampea-saa 50. Kuzima kwa rimoti, jambo wapendalo vijana, mara nyingi si kuzima hasa. Swichi ya nyuma ya kasha ndiyo ikatayo umeme.

Kikuza sauti cha sabufa kikiungua, kasha kubwa halina budi kwenda kwa fundi. Zile spika ndogo kwa kawaida husalimika, nazo zaweza kuungwa kwenye kikuza kingine, mradi omu zake zisipungue kiwango kilichoandikwa nyuma yake.