Kituo cha Watoto kama Mlango wa Huduma za Familia

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mama aendaye kuvua pweza au kuhudumia mwani maji yakupwapo humwacha mwanawe kwa bibi, ama katika kituo cha kulelea watoto mchana. Kituo humtunza mtoto, kliniki humchanja, na ustawi wa jamii husikiliza mashauri ya familia. Mara nyingi hawaarifiani.

Hatari huongezeka baada ya miezi 18. Chanjo ya pili ya surua na rubela ikishatolewa, wazazi wengi hudhani kliniki imekwisha, ilhali utapiamlo au kuchelewa kuzungumza huweza kudhihirika baadaye, kabla ya umri wa shule.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, huunganisha mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi.

Kwa vitendo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufika kituoni na kupima mzunguko wa mkono wa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59. Ukipungua sentimita 12.5, mtoto apewe rufaa, ukipungua 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, apelekwe siku hiyo hiyo. Afisa ustawi naye akutane na wazazi papo hapo.

Mzazi, endelea kumpeleka mtoto kupimwa hadi atimize miaka 5, na umwoneshe mlezi wa kituo kadi yake ya kliniki.