Anza na Kitako

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Isingiro, huuliza mbona vyombo vya maua havina maua. Mimi humpindulia kimoja asome kitako. Pale pamechapwa "W. Germany" na namba mbili, mathalani 517-30: ya kwanza ni ya umbo, ya pili ni kimo kwa sentimita. Maandishi hayo yanataja na zama zake, maana Ujerumani Magharibi ilikuwapo tangu 1949 hadi muungano wa 1990.

Vingi vilitoka viwandani, na kampuni ya Scheurich ya Kleinheubach ndiyo iliyotamba. Udongo uliokorogwa na maji humiminwa kwenye kalibu ya plasta. Plasta ikishafyonza maji, ukuta wa chombo hubaki umesimama.

Ninachokipenda zaidi ni cha rangi ya chungwa, chenye mkanda mweusi uliojaa vitundu kama jiwe la volkano. Hiyo si kasoro. Rangi ya juu hutiwa kemikali inayotoa gesi tanurini, ikatokota, ikaganda vivyo hivyo.

Nimevipanga rafu moja na chungu cha kienyeji kisicho na mng'ao, basi kila kimoja kinamtoa mwenzake. Vumbi la barabara hung'ang'ania vitunduni. Tumia brashi laini, usiguse kwa stiliwaya.

Ukikutana na chombo cha aina hii mnadani Kayanga au Omurushaka, pitisha kidole mdomoni mwake, kisha kigonge kwa kucha. Kikilia butu, kina ufa: teremsha bei, au kiache.