Same na Milima ya Upare

Wilaya ya Same imo katika Mkoa wa Kilimanjaro. Zamani Upare wote ulikuwa wilaya moja, lakini mwaka 1979 sehemu ya kaskazini ilitengwa, ikawa Wilaya ya Mwanga. Wenyeji ni Wapare, na lugha yao ni Chasu.

Mgeni apitaye Same kwa gari huona nchi kavu yenye miiba na mikonge, akadhani kwamba Upare wote ni hivyo. Sivyo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huipiga milima upande wa kusini mashariki, zikapanda, zikapoa na kunyesha mvua huko. Zinaposhuka upande wetu zimekwisha kupoteza maji yake. Kilele kirefu kuliko vyote ni Shengena, mita 2,462, katika msitu wa Chome. Msitu huo ni chanzo cha mito mingi.

Wazee wetu walitafuta njia ya kuyatumia vema maji hayo machache. Walichimba mifereji, wakajenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe. Usiku maji ya mfereji hujaa ndani ya ndiva. Asubuhi hufunguliwa, nayo hutoka kwa nguvu hata kufika mashamba ya mbali, kila mwenye shamba kwa zamu yake. Mfereji ukibomoka, watu hutoka kwa msaragambo wakautengeneza. Asiyetoka hana haki ya kulalamika shamba lake likikauka.

Watu waliozoea kufanya kazi pamoja hivyo waliweza pia kudai haki pamoja. Katika miaka ya 1940 machifu, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni, waliweka kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, naye hakujua imekadiriwaje. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani mpaka Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi na kukataa kurudi makwao. Hawakushika silaha. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusisahau kwamba ndiva haijazwi na mfereji peke yake, bali na msitu ulio juu yake. Akataye mti Chome leo huyapunguza maji ya jirani yake aliye bondeni, hata kama hawajaonana kamwe.