Ardhi Tunayoikanyaga Haijatulia



Bibi zetu wa pwani walikuwa wakitusimulia kwamba dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe amesimama juu ya jiwe, na jiwe limebebwa na samaki mkubwa baharini. Ng'ombe akichoka shingo, huihamisha dunia kutoka pembe hii hadi pembe ile, na hapo ndipo watu huona ardhi ikitikisika. Tuliisikiliza hadithi hiyo kwa mwanga wa kandili, na hakuna kati yetu aliyeuliza samaki naye anaogelea wapi. Watoto wetu wa leo huuliza. Tarehe 6 Februari 2023, zilzala ilipoiangusha miji ya kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria, na watu zaidi ya 50,000 wakafariki, wengi wetu tulikaa mbele ya televisheni pamoja na wana wetu, na swali likaja: ni kitu gani kinachoitikisa ardhi, na je, huku kwetu chaweza kufika? Makala hii ni jaribio la kulijibu kwa lugha ya nyumbani, kwa ajili ya mama ambaye hakusoma sayansi, lakini angependa awe na la kumwambia mwanawe anaporudi madrasa amehifadhi Sura ya Zilzala.

Tuanze na yai. Ukiligonga yai la kuchemsha juu ya meza, ganda lake hupasuka vipande vipande na bado vipande hivyo hubaki vimelifunika yai. Ganda la dunia limegawanyika mfano wa hivyo, na vipande vyake wataalamu huviita mabamba. Makubwa ni saba, na madogo ni mengi. Kila bamba lina unene wa kilomita 100 hivi, na moja laweza kubeba nchi kavu na bahari kwa pamoja, kama sinia moja linavyobeba wali na kitoweo chake. Chini ya mabamba kuna mwamba wenye joto kali mno. Si maji ya moto, kama wengi wanavyodhani; ni mwamba ambao kwa joto hilo hulainika na kwenda polepole, mfano wa nta iliyokaribishwa na moto. Mabamba nayo huenda juu yake, kila moja na upande wake.

Mfano wa yai unaishia hapo, maana ganda la yai halikui wala halisogei. Ili kuufahamu mwendo wa mabamba, tunawaomba mama na dada zetu wazitazame kucha zao. Bibi arusi akitiwa hina, ukucha wote huwa mwekundu. Baada ya wiki chache utepe mweupe huonekana kwenye shina lake, na hina imesogea mbele, kwa kuwa ukucha mpya umezaliwa shinani ukausukuma wa zamani. Sakafu ya bahari hufanya vivyo hivyo. Katikati ya bahari kuu kuna mpasuko mrefu ambapo mwamba wa moto hupanda, hupoa na kuwa sakafu mpya, na sakafu ya zamani husogea kando, nusu upande huu na nusu upande ule. Hata kasi yake inakaribiana na ya kucha: sentimita chache kwa mwaka.

Mpasuko huo ulijulikana kwa kazi ya mwanamke, na kisa chake tunakipenda. Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema tangu 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja kisha yakatengana, kwa kuwa pwani ya Afrika ya magharibi na ile ya Brazil zinalingana kama vigae viwili vya chungu kimoja. Wenziwe walimpinga, maana hakuweza kueleza ni nguvu gani iliyoyasukuma, naye akafariki mwaka 1930 katika barafu ya Greenland kabla rai yake haijakubaliwa. Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Huko New York, Marie Tharp alikuwa ameketi mbele ya mafungu ya vipimo vya kina cha bahari ya Atlantiki. Vipimo vililetwa na wanaume waliosafiri na meli. Yeye hakuruhusiwa kuzipanda kwa sababu ni mwanamke. Basi akachora kwa mkono, kipimo baada ya kipimo, na katika kuchora akaona kwamba ile safu ya milima iliyozama katikati ya Atlantiki ina bonde kileleni mwake, tena bonde lenyewe linaendelea kutoka mchoro mmoja hadi mwingine. Alipomwonyesha mwenzake, Bruce Heezen, alijibiwa kuwa hayo ni maneno ya kike tu. Akarudi kuzikagua hesabu zake. Wakati huo huo mchoraji mwingine wa ofisi hiyo, Howard Foster, alikuwa akitia alama mahali matetemeko ya chini ya bahari yalipotokea. Ramani hizo mbili zilipolinganishwa, alama za Foster zikawa zimefuatana ndani ya bonde la Tharp. Heezen hakuwa na la kusema tena. Na walipotafuta bonde la nchi kavu la kulifananisha nalo, waliliona kuwa ni ndugu wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, yaani letu hili. Tharp alipopata kupanda meli ya utafiti, mwaka ulikuwa 1968.

Turudi basi kwetu. Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo hukiita Madagaska, kiliwahi kushikana na pwani hii. Kilianza kubanduka yapata miaka milioni 160 iliyopita, kikashuka kusini pamoja na Bara Hindi. Baadaye Bara Hindi likaachana na Bukini, likaelekea kaskazini hadi likagongana na Asia, na mgongano huo ndio ulioiinua milima ya Himalaya. Ardhi ya Arabuni nayo ilikuwa sehemu ya Afrika. Aliyesafiri kwa ndege kwenda Hija au Umra alipita juu ya Bahari ya Sham kabla ya kushuka Jeddah; bahari hiyo ni changa, ni ufa uliofunguka ukaingia maji, na ungali unapanuka. Ardhi ya kando yake haikusalimika. Mwaka 654 Hijria, sawa na 1256 Miladia, moto wa volkano ulitoka ardhini nje ya mji wa Madina baada ya mitikisiko, ukaendelea kwa siku 52, na wanavyuoni wa zama hizo wakaiandika habari yake.

Huko Afar, katika nchi ya Uhabeshi, nyufa tatu hukutana: Bahari ya Sham, Ghuba ya Aden, na ule unaoshuka kusini ukapita kati ya Kenya. Sisi wa Lamu, Malindi na Mombasa tuko upande wa mashariki wa ufa huo, na upande wetu unajitenga na Afrika iliyobaki kwa milimita chache kila mwaka. Hilo si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Machi 2018, ufa ulipotokea karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, simu zetu zilijaa habari kwamba Afrika inapasuka wiki hiyo hiyo; wanajiolojia wengi walieleza kuwa mvua kubwa ilikuwa imeyasomba majivu laini ya volkano yaliyoziba ufa wa zamani. Zilzala za kweli, hata hivyo, zimewahi kutokea huko. Ile ya Subukia ya Januari 1928 ilikaribia kipimo cha 7. Na joto la chini ya bonde hilo lina faida yake pia: mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi hii hutokana na joto la ardhini.

Lakini hatari iliyowahi kuufikia mlango wetu haikutoka bondeni. Ilitoka Sumatra. Huko bamba la Bara Hindi huingia chini ya bamba jirani, na mahali yanaposuguana huganda. Bamba la juu huvutwa na kupindwa mwaka baada ya mwaka, kama rula ya mwanafunzi inayokunjwa kwa kidole. Jumapili tarehe 26 Disemba 2004, saa kumi kasoro dakika mbili za alfajiri kwa saa zetu, rula iliachiwa. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 9.1, na ardhi iliteleza kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ambao ni zaidi ya mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Sakafu ya bahari iliruka, ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Katika nchi zote zilizofikiwa na mawimbi hayo walifariki watu wapatao 230,000.

Mawimbi yaliivuka bahari kwa mwendo wa ndege, yakatufikia wakati wa adhuhuri. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua, ila kwa rehema zake Mola maji yalikuwa bado hayajajaa. Tena habari za Asia zilikuwa zimetutangulia, watu wakaondolewa fukweni. Kenya iliripotiwa kifo cha mtu mmoja. Kwa jirani zetu wa Somalia, ambao hawakupata habari, walifariki watu wapatao 300, wengi wao upande wa Hafun.

Katika msiba huo kuna kisiwa ambacho tunataka kila bibi na kila mama akifahamu. Simeulue kiko karibu sana na kitovu cha tetemeko lile, na mawimbi yalikifikia kwa dakika zisizozidi kumi hivi. Hakukuwa na king'ora wala simu. Watu wake, Waislamu kama sisi, walikuwa wapatao 78,000. Waliofariki kwa mawimbi hayo walikuwa saba. Mwaka 1907 kisiwa hicho kilikuwa kimepigwa na mawimbi yaliyoua watu wengi, na tangu hapo wazee waliwasimulia wajukuu na kuwaimbia katika nyimbo za kuwabembeleza kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usisubiri kitu, panda mlimani. Mawimbi hayo wanayaita smong. Siku ile neno hilo moja likapigiwa ukelele, na kisiwa kizima kikapanda.

Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia huzitangazia nchi za bahari yetu zinapotokea zilzala kubwa, na huku kwetu habari hupitia Idara ya Hali ya Hewa. Kwa umbali wetu kutoka Sumatra, yamkini hatutausikia mtikisiko wenyewe. Dalili itakayobaki ni bahari. Kina mama wanaoshuka mwambani kutafuta pweza huzijua saa za kupwa na kujaa kuliko mtu yeyote, na maji yakikauka ghafla kwa saa isiyo yake, wao ndio watakaoona kwanza. Hapo pweza aachwe, watoto washikwe mikono, na watu waelekee mahali pa juu. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na mengine huendelea kuja kwa saa kadhaa; asirudi mtu kufuata nyavu wala mtumbwi mpaka itangazwe kwamba bahari imetulia.