Mnunuzi wa kigari cha mtoto aanze kwa kuitazama njia

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nimeitii methali hiyo katika mambo mengi ya maisha, ila katika hili la vigari vya kusukumia watoto nimeasi, wala sina nia ya kutubu. Mzazi anayeingia dukani na kutoka na kigari cha kwanza kilichomvutia macho hupata kibaya kuliko koroma. Hupata mzigo wa kilo 12 usiopita mlangoni mwake wala katika kijia cha mtaani kwake, na ambao mtoto, aliye mwenye haki ya kwanza katika shauri hilo, hakuulizwa neno.

Lililonichochea kuandika ni mjadala ulioibuka nyumbani kwangu majuzi. Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaribia kurejea kazini baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Kila alfajiri atalazimika kumpeleka mwanawe kwa mlezi, mwendo wa nusu saa kwa miguu, katika mtaa ulioko kando ya barabara kuu ya Thika ambako kijia ni changarawe wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, na mgongo wa mama ungali unamsumbua. Basi akatangaza kwamba anataka kigari, tena si kigari chochote, bali kile cha magurudumu matatu alichomwona nacho mama mmoja akikisukuma huku akikimbia mazoezi.

"Mama, hii si anasa," alimwambia mke wangu. "Nitafikaje kazini?"

"Mimi niliwabeba nyinyi nyote wanne kwa leso," bibi ya mtoto akamjibu, "na hakuna aliyeanguka."

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu binti huyohuyo ndiye niliyepata kumnunulia kigari alipokuwa mchanga, na habari za kigari hicho si za kujivunia. Kilikuwa na magurudumu manne ya plastiki, kila moja kadiri ya kisahani cha chai. Pale dukani kiliteleza juu ya sakafu iliyopigwa nta mithili ya ngalawa kwenye maji matulivu. Juma la tatu, gurudumu la mbele lilizama katika ufa wa mfuniko wa mtaro. Kigari kikasimama, mtoto akaendelea. Kilikuwa na mkanda mmoja tu, wa kiunoni, nao nilikuwa nimeulegeza ili asibanwe. Walimu wa fizikia wanaijua kanuni ya mwendo inayohusika hapo. Mimi niliisoma upya kwenye nundu iliyojitokeza katika paji la uso la mwanangu, na mama yake hajaisahau hadi leo.

Vigari vya watoto si vitu vya jana. Mnamo 1733 William Kent, mbunifu wa Kiingereza, aliwatengenezea watoto wa Duke wa Devonshire kigari cha kuvutwa na mnyama mdogo. Mnamo 1965 Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushiriki katika kubuni magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli. Hivi vyote vilitarajia kukuta njia iliyosawazishwa. Ilipofika 1984, Phil Baechler, mkazi wa Yakima katika jimbo la Washington huko Marekani, alitaka kuendelea na mazoezi yake ya kukimbia bila ya kumwacha nyumbani mwanawe mchanga. Akachukua kigari kikuukuu, akakifunga magurudumu ya baiskeli, mawili nyuma na moja mbele. Vigari vingi vya magurudumu matatu tunavyoviona leo ni wajukuu wa kile.

Kwa nini matatu? Mpishi wa mafigani hahitaji kufundishwa jibu. Chungu kilichotegemea mafiga matatu hakiyumbi hata kama ardhi ina mabonde, kwa kuwa nukta tatu daima hukutana katika bapa moja. Ongeza la nne, na aghalabu moja litakuwa linaelea hewani. Ndivyo ilivyo kwa kigari katika kijia chenye mashimo: cha magurudumu manne huyumba na kukwama, ilhali cha matatu hukanyaga kwa miguu yake yote. Fauka ya hayo, gurudumu kubwa hulipanda jiwe ambalo gurudumu dogo hugonga na kusimama. Gurudumu la nyuma lenye kipenyo cha sentimita 30 au 40, lenye tairi la mpira lililojazwa upepo, humeza mitikisiko ambayo vinginevyo ingeishia shingoni mwa mtoto. Likitoboka, fundi wa baiskeli aliye chini ya mwembe ataliziba kwa muda mfupi, jambo ambalo hawezi kulifanyia gurudumu la plastiki lililopasuka.

Hata hivyo, sifa hiyo ina upande wake wa pili, na wauzaji hawautaji. Mwanafunzi na achore mstatili, kisha ndani yake achore pembetatu ya upana na urefu uleule. Ataona kwamba pembetatu imepoteza pembe mbili za mbele. Uzito wa mtoto ukihamia pale pembe ilipokosekana, mathalan mzazi anapokata kona kwa kasi akiteremka mlima, kigari hupinduka kwa ubavu na mbele kwa pamoja. Kwa hiyo nitamshauri binti yangu achague kile ambacho magurudumu yake ya nyuma yametanuka, kiti chake kiko chini, na gurudumu la mbele limesogezwa mbele sana ya miguu ya mtoto. Viti vya magurudumu matatu vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wanaoishi penye ardhi mbaya hufuata hesabu iyo hiyo.

Tena kuna hilo gurudumu la mbele lenyewe. Katika vigari vingine halizunguki kabisa. Hivyo ndivyo vya kukimbia, na ili kukata kona ni lazima uukandamize mpini ili pua ya kigari iinuke. Vingine vina gurudumu linalozunguka kila upande, zuri sana katikati ya rafu za duka, lakini baya katika mwendo wa kasi, kwani jiwe dogo tu huligeuza ghafla na kigari kizima kikalifuata. Kilicho bora kwa mtu kama binti yangu ni kile kinachoruhusu yote mawili: gurudumu huzunguka sokoni, na hufungwa lisizunguke kwenye changarawe. Ajihadhari pia na vile vinavyoiga umbo tu, vyenye magurudumu matatu madogo ya plastiki. Huo ni uzuri wa mkakasi.

Lipo jingine kuhusu gurudumu hilo. Vigari vingi vimewekewa wenzo wa kulichomoa upesi ili kigari kiingie katika buti la gari. Wenzo usipokazwa sawasawa, gurudumu huweza kuchomoka njiani. Mnamo Februari 2018 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliishtaki kampuni moja kwa sababu hiyo, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwezi wa Novemba mwaka huo. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaonunua mtumba, na sisi wengi tunanunua mtumba. Kigari kilichofika Gikomba kimefika bila karatasi ya maelezo. Mnunuzi akiinue, alitikise gurudumu la mbele kwa nguvu, apitishe kidole kwenye viungo vya fremu kutafuta nyufa, kisha aandike jina na namba ya toleo ili aangalie kwenye simu kama kiliwahi kurejeshwa kiwandani kwa kasoro. Kibandiko chenye maandishi EN 1888 humaanisha kwamba kigari kimetengenezwa kwa kufuata kanuni za usalama za Ulaya. Bila shaka kibandiko hakizuii kutu.

Kuhusu mtoto mwenyewe, ambaye ana miezi mitatu, suala si magurudumu kwanza bali ni shingo. Mtoto wa umri huo hajaweza kukimudu kichwa chake. Hafai kuketishwa wima, na kiti kisicholala chali kabisa si chake. Wala mama asikimbie naye. Watengenezaji wengi husema asubiri angalau miezi sita, na hata hapo ni vyema amuulize daktari kwanza. Mikanda nayo iwe ya sehemu tano, yaani miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja kati ya miguu. Lau kigari changu cha zamani kingekuwa nayo, nisingekuwa na nundu ya kuandikia makala.

Breki haijaribiwi kwa macho. Weka kitini mfuko wa unga wa kilo 10, kipeleke kigari penye mteremko, kanyaga breki, uachilie. Kikisogea hata inchi moja, kirudishe. Uliza pia kama kina kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono wa anayesukuma, kwa maana barabara zetu zina milima na mikono ya wazazi ina simu. Mfuko wa viazi usining'inizwe mpinini, kwani siku mtoto atakapoinuliwa, viazi vitakivuta kigari chali. Kikapu cha chini ndicho cha viazi.

Halafu upana. Vingi vya aina hii vina takriban sentimita 60 au zaidi kule nyuma, na binti yangu anaishi ghorofa ya nne isiyokuwa na lifti. Mlango wake tumekwisha kuupima. Ngazi haihitaji kupimwa: atakibeba kigari kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, au amwombe mlinzi amhifadhie chini. Katika matatu ya asubuhi kigari cha namna hii hakina nafasi, na sitamlaumu makanga kwa hilo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sijasema juu ya njia yenyewe. Binti yangu hataki kwenda barabarani. Analazimika, kwa sababu kijia cha waendao kwa miguu kinaisha ghafla penye ukuta wa mtu, au kimejaa pikipiki za bodaboda, au kina ukingo usio na mteremko wa kupandia. Anaposhuka barabarani, mtoto huwa kwenye kimo cha mabomba ya moshi wa magari. Mnamo 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza kwamba mtoto aliye kigarini anaweza kupata uchafu wa hewa hadi asilimia 60 zaidi ya mtu mzima anayetembea naye. Kumfunika kwa shuka si dawa, maana joto hupanda upesi ndani ya kitambaa na hewa haipiti. Laiti wahandisi wa kaunti, kabla ya kutia sahihi kwamba barabara imekamilika, wangetakiwa waisukume kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho wakiwa na kigari chenye mfuko wa unga!

Nilipoyaeleza haya yote nyumbani, mke wangu alisikiliza, kisha akasema kwamba mgongo wa mtu hauhitaji breki, na unapanda ngazi wenyewe. Ni kweli. Penye ngazi, penye tope la magotini na penye msongamano, leso inashinda kigari chochote kilichoundwa. Lakini yeye alitubeba hao wanne akiwa na mgongo mzima, na hakuwa na vitabu vya darasa zima begani. Mwishowe wamekubaliana kwamba kigari kitabaki kwa mlinzi chini ya ngazi, na leso itakaa ndani ya kikapu chake.

Jumamosi tunakwenda dukani tena, sisi watatu na mtoto. Utepe wa kupimia uko mfukoni mwangu. Muuzaji wa mara ya kwanza alikwisha kuniuliza unga ni wa nini.