Mama Félicité na frigo iliyoharibika



Baada ya kipindi cha jamaa, mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vizuri hewani. Mtu aliyeokoka, mwenye miaka arobaini na kitu, akijisikia mpweke usiku, je, imani yake imepungua? Tuliahidi kujibu kwa maandishi. Tumeona vema kupitia filme moja ya nchi yetu, maana ndani yake swali hilo linaonekana kwa macho.

Filme hiyo inaitwa Félicité. Ilitengenezwa Kinshasa na Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegal na Guinea-Bissau, na watu wake wanasema Lingala kwa sehemu kubwa. Mwaka 2017 ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha kule Berlin, na muda mfupi baadaye ikapata Étalon d'or de Yennenga, tuzo kubwa ya FESPACO, Ouagadougou. Mama anayecheza Félicité, Véro Tshanda Beya, hakuwa amecheza filme nyingine kabla ya hiyo.

Tuseme mapema: si filme ya kuonyesha watoto wa shule ya Jumapili. Félicité anaimba usiku katika nganda, na mambo ya nganda yamo, pombe na ugomvi na mengine. Ndugu mmoja alitukuta tukiiangalia akacheka, "Pasta, nawe uko nganda leo?" Tulimjibu kwamba nabii Hosea aliingia pabaya zaidi.

Félicité anamlea mtoto wake wa kiume, Samo, peke yake. Hana mume. Ni mwanamke mwenye nguvu, hapigi magoti mbele ya mtu. Frigo yake imeharibika, na fundi anayeitwa Tabu anakuja kuitengeneza. Kisha habari inafika: Samo amepata ajali ya pikipiki, yuko hospitali, mguu umevunjika vibaya. Bila franga mkononi hakuna kupasuliwa.

Hapo mama anaanza kuzunguka mji. Anaenda kwa wenye deni lake, anaenda kwa jamaa, anaingia hata katika nyumba ya tajiri asiyemjua. Baba ya mtoto anamfukuza kwa maneno makali, eti si alitaka kuwa mwanamke wa kujitegemea? Tunaoishi Kalemie hatuhitaji mtu kutufafanulia sehemu hiyo. Kila mmoja wetu amemwona mama akitembea toka stesheni mpaka bandarini, bahasha ya hospitali kwapani, akihesabu milango iliyobaki. Na mguu wa Samo unakatwa.

Wengi wangemalizia hapo. Lakini filme inaendelea kwa muda mrefu, na kwetu sisi ndipo sehemu yake bora inapoanza. Samo amerudi nyumbani, hasemi neno. Mama naye amenyamaza, mpaka wimbo unamkauka kinywani. Nyumba moja, watu wawili, kila mtu na ukuta wake. Huo ndio upweke wa umri wa katikati. Kijana akiwa peke yake ana tumaini la kesho. Mtu wa miaka arobaini na tano ana kumbukumbu za jana, na watu wanaomtegemea hata hawezi kulia mbele yao.

Sasa swali la mama yetu. Soma Mwanzo 2. Adamu yuko bustanini, dhambi bado haijaingia, anazungumza na Mungu bila kizuizi. Hata hivyo Mungu mwenyewe anaona upweke wake na kuuita jambo lisilofaa. Kama upweke ulikuwapo kabla ya dhambi, hatuwezi kumwambia mtu mpweke kwamba ametenda dhambi. Naomi naye alirudi Bethlehemu akiwa amezika mume na wana wawili, akataka aitwe Mara kwa sababu ya uchungu. Hakuna mahali katika kitabu cha Ruthu ambapo anakemewa kwa kusema hivyo.

Na Tabu? Anakunywa, anapenda wanawake. Angekuja kwetu kuomba ndoa tungemwambia aache chupa kwanza, na baraka ya kanisa ingengoja. Lakini angalia anavyofanya. Haji na hotuba. Anarudi kwa ile frigo, anakaa na mtoto asiyesema, anamfanya acheke. Boazi hakuanza na maneno ya mapenzi. Alianza na chakula, na agizo kwa vijana wake kwamba mgeni asisumbuliwe shambani. Ndoa ilifuata baadaye.

Sisi wachungaji tumekosea hapa, tukubali. Mama aliyeachwa, au yule ambaye mume alienda kwenye machimbo asirudi, akija ofisini tunampa siku tatu za kufunga na kumwombea mume mpya. Mwaka uliopita dada mmoja wa kwaya yetu alilala siku nne hospitalini kando ya mtoto wake. Tulimtaja kwenye maombi kila jioni, kwa sauti kubwa. Sadaka ya kumsaidia tuliikusanya siku ya tano, wakati alikwisha kuuza cherehani yake. Mtoto alipona. Cherehani haikurudi, na dada huyo sasa anakaa kiti cha nyuma kabisa.

Tulienda kwake kumwomba msamaha. Alitusikiliza, akatupa chai, hakusema mengi.

Kuanzia Jumapili hii kutakuwa na kisanduku cha wagonjwa karibu na mlango wa wanawake. Funguo ni mbili, moja kwa shemasi na moja kwa mama mmoja mjane, na fedha zitatoka siku ileile ya ugonjwa bila kungoja kikao cha wazee. Fundi yeyote wa kanisa, awe wa frigo, wa milango au wa mabati, aandikishe jina lake kwa mwandishi baada ya ibada. Kuna nyumba saba kwenye orodha ambazo mvua inaingia ndani.